Tenki, Pampu na Mabomba: Safari Yangu ya Kwanza Manchira

Basi lilitoka stendi ya Nyamhongolo, Mwanza, kabla jua halijachomoza. Begi la mashine nilikuwa nimelipakata. Kondakta aliniomba mara mbili nilishushe kwenye buti, na mara mbili nikamwomba radhi. Ndani mlikuwa na mashine mbili za ultrasaundi za kubeba mkononi, kila moja na probu yake ya ukubwa wa tochi inayochomekwa kwenye kishikwambi, pamoja na chupa nne za jeli na kaunta buku jipya. Mashine za ultrasaundi nilizozikuta nilipoanza udaktari zilikuwa za kusukumwa kwa magurudumu, na hazikutoka chumbani mwake. Hizi zilikaa mapajani, na bado sikumbuki kusafiri na mzigo ulionitia hofu kiasi kile.

Tulikuwa watatu: kiongozi wetu, ambaye ni daktari bingwa wa magonjwa ya dharura; muuguzi wa chumba cha dharura mwenye miaka mingi kazini, na mimi, niliyekuwa nakwenda kufundisha kwa mara ya kwanza, na kukanyaga mkoa wa Mara kwa mara ya kwanza. Safari yetu ilikuwa ya Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Kwa siku tano tungewafundisha matabibu na wauguzi kutumia ultrasaundi kando ya kitanda cha mgonjwa aliye katika shoku, au ambaye moyo wake umesimama. Tulipanga kupitia Tarime kwanza, maana baadhi ya wanafunzi wetu walikuwa wa huko, kisha tuingie Serengeti kwa kuvuka Mto Mara.

Magu tuliipita wenye maduka wakifagia vibaraza. Ukishavuka Lamadi, hifadhi ya Serengeti inasogea karibu kabisa na lami upande wa kulia, na ziwa linakuwa kushoto. Abiria walikuwa wakioneshana swala dirishani. Mimi nilikuwa nikimfikiria mama mmoja.

Miaka kadhaa nyuma, nikiwa daktari mchanga katika hospitali ambayo sitaitaja, aliletwa usiku mama wa miaka kama 22, aliyejifungua wiki tatu kabla. Presha yake ilikuwa 70 kwa 40, mapigo ya moyo 140 kwa dakika, miguu imepoa, anahema. Niliandika kwenye faili kwamba ana maambukizi baada ya kujifungua, nikamfungulia dripu. Chupa ya kwanza ikaisha, nikatundika ya pili, kisha ya tatu. Kila chupa ilipoisha alihema zaidi, nami nikazidi kuamini kwamba maji hayajatosha. Alfajiri alifariki akiwa ameketi, mikono imeng'ang'ania kingo za kitanda, kwa sababu kulala chali kulikuwa kunamziba pumzi.

Baadaye, nikiwa mafunzoni, mwalimu alionesha video ya moyo uliotanuka kama mfuko, unaotikisika badala ya kukaza. Alisema huo ni ugonjwa wa misuli ya moyo unaowapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Nilimtambua mgonjwa wangu bila kuambiwa. Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu aliyokuwa nayo, nami nikamwongezea mzigo. Yale maji yalikwenda kukaa mapafuni. Ndiyo maana nilikubali safari hii hata kabla ya kuuliza posho ni kiasi gani.

Bunda tulikunywa chai, Kirumi tukavuka daraja la Mto Mara pale unapokaribia ziwa, na mchana tukawa Tarime. Hewa ilibadilika. Vilima vina migomba na kahawa, na watu wamevaa masweta saa nane mchana. Tuliwachukua wenzetu watatu, tukaingia kwenye gari la halmashauri kwa njia ya Nyamwaga na Nyamongo. Nyamongo kuna mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara, na kuzunguka eneo hilo wako wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa kamba na tochi. Tabibu kijana tuliyempakia Tarime alinionesha kilima kwa kidole. "Dokta, kifusi kikimlalia mtu, analetwa kwetu akiwa anaongea. Baada ya nusu saa haongei tena. Nje hana hata mchubuko. Damu yote iko tumboni, na sisi hatuna macho ya kuingia tumboni."

Njiani kiongozi wetu aliwasimulia vijana wale historia ambayo wengi hawakuijua. Januari 2010 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara ya magonjwa ya dharura, ya kwanza ya aina yake katika hospitali ya umma nchini. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo, na wa kwanza wakahitimu 2013. Tangu mwanzo ultrasaundi ya kando ya kitanda ilikuwa sehemu ya masomo yao. Mwaka 2018 madaktari wa idara hiyo, Hendry Sawe na Juma Mfinanga wakiwa miongoni mwao, walichapisha matokeo ya walichokihesabu kwa wagonjwa wao: katika asilimia 29 ya waliopimwa, picha ilibadilisha ama ugonjwa uliokuwa ukidhaniwa, ama uamuzi wa mgonjwa apelekwe wapi.

"Tangu 2021," aliendelea, "zile shilingi trilioni 1.3 za mpango wa UVIKO-19 zimejenga majengo ya dharura sehemu nyingi. Jengo linakwisha kwa miezi. Jicho la tabibu halikwishi kwa miezi. Hilo ndilo tunalokwenda kulianza."

Mto Mara tuliuvuka jua likielekea kuzama. Unatoka milima ya Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, unaishia Ziwa Victoria. Hapa ndio unaotenganisha Tarime na Serengeti. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ombe walikuwa wakinywa wakiwa wamezama hadi magotini. Ng'ambo ya mto ardhi inafunguka, mtama uko mashambani, na ukungu wa vumbi umekaa juu ya njia. Tuliingia Mugumu usiku, tukala ugali wa ulezi na nyama ya mbuzi, tukalala.

Wanafunzi walikuwa 16. Walikuwepo madaktari watatu, maofisa tabibu, wauguzi na wakunga. Mmoja alikuwa amewazidi wote umri, ofisa tabibu anayefanya kazi upande wa Manchira. Alikuwa na kofia ya pama aliyoivua mlangoni na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo kabla ya kumpa kalamu ya kujiandikisha. "Marahaba, Dokta," alijibu. "Nimekuja kusoma. Usinionee haya kwa sababu ya mvi."

Nilianza somo vibaya. Nilieleza kwamba shoku kwa lugha ya hospitali ni hali ya damu kutofika viungoni kwa kiasi kinachotosha: presha inashuka, mikono na miguu inapoa, mkojo unakauka, fahamu zinahama. Hapo tulikuwa pamoja. Kisha nikaingia kwenye aina zake nne na majina yake marefu, nikaona kalamu zinasimama moja baada ya nyingine. Kiongozi wetu akaninong'oneza niyaache majina. Nikaandika ubaoni maneno matatu ambayo madaktari wa Marekani waliyatumia mwaka 2010 walipoeleza mpangilio wa kipimo hiki: pampu, tenki, mabomba.

Yule mzee wa Manchira alivua miwani. "Hii si habari ya bwawa letu?"

Akaombwa aeleze. Akasimama, akazungumza taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Maji ya bomba ya Mugumu yanatoka bwawa la Manchira. Siku maji yakikatika mjini, alisema, watu hawakai wakisema tu hakuna maji. Wanauliza: bwawa limekauka? Au bwawa limejaa lakini pampu imekufa? Au bwawa liko sawa, pampu inanguruma, lakini bomba limeziba au limepasuka huko njiani? "Huwezi kumwita fundi wa pampu wakati bomba ndilo limepasuka. Na pampu ikifa, hata mvua inyeshe wiki nzima, bwawa litafurika na mjini watu bado watakuwa na ndoo tupu."

Sikuwa na cha kuongeza. Nilimwona yule mama wangu katika maneno yake ya mwisho. Kuanzia hapo darasa zima lilisema kwa lugha ya bwawa, nasi tukaifuata.

Pampu ni moyo. Unaweka probu chini ya chembe, unailaza karibu na ngozi, unaielekeza bega la kushoto, unauliza mambo matatu: unapiga kwa nguvu au unatikisika tu? Kuna maji yameuzunguka na kuubana? Upande wake wa kulia umevimba na kuusukuma wa kushoto? Maji ya kuuzunguka moyo hapa kwetu mara nyingi yanaletwa na kifua kikuu, na yakizidi moyo hauna nafasi ya kufunguka; dawa yake ni kuyatoa kwa sindano.

Tenki ni damu iliyomo mwilini. Unautazama mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni: ukiwa mwembamba na unajikunja kila mgonjwa anapovuta pumzi, huenda tenki linapungua, ukiwa mnene na hautikisiki, ongeza maji kwa hofu kubwa. Unatafuta pia tundu la tenki: damu iliyovuja tumboni au kifuani, na pafu lililopasuka na kuacha hewa inayobana. Mabomba ni mshipa mkubwa unaoshuka tumboni, na mishipa ya mapajani ambamo damu inaweza kuganda. Pampu, tenki na mabomba yakionekana sawa yote na mgonjwa bado yuko katika shoku, unafikiria maambukizi yaliyoilegeza mishipa mwili mzima.

Mkunga mmoja aliinua mkono. "Dokta, sisi tumefundishwa presha ikishuka weka maji. Leo mnatuambia tuogope maji?"

Swali lake lilistahili jibu la haki. Nikamwambia habari ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu, Hospitali ya Teule, Muheza, ikiwa kituo kimojawapo. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika viungoni waligawanywa: wengine wakapewa maji mengi kwa haraka, wengine wakaachwa na maji ya kawaida ya kuwatunza. Dunia nzima iliamini maji ya haraka yataokoa. Majibu yalipotoka 2011, kati ya waliopewa maji ya haraka watoto kama 10 na nusu katika kila 100 walikuwa wamefariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiopewa, saba. Mwaka 2017 Zambia nayo ikaleta habari ya kufanana kwa watu wazima wenye maambukizi makali na presha ya chini: waliofuata mpango wa maji mengi na dawa za kupandisha presha, asilimia 48 walifia hospitalini, waliotibiwa kama kawaida, asilimia 33.

"Mtoto anayeharisha, macho yameingia ndani, huyo mpe maji na usichelewe," nilimwambia mkunga. "Mama anayevuja damu, mpe damu. Lakini usiseme maji kabla hujajua ni tenki." Kisha nikawasimulia habari ya mama wa miaka 22 na chupa tatu. Sikuwa nimepanga. Darasa lilinyamaza, na muuguzi wetu akaninyooshea glasi ya maji.

Mchana tulipimana wenyewe kwa wenyewe. Nimeliona jambo hili mara nyingi sasa, lakini siku ile lilikuwa jipya kwangu. Muuguzi wa makamo alilala kitandani, akapakwa jeli, akashtuka kwa ubaridi wake. Mwenzake akaweka probu chini ya chembe, akaisogeza huku na huku. Kwenye kioo palikuwa na vumbi la kijivu tu, kama skrini ya televisheni iliyopoteza mawimbi. Nikamwambia asisogeze mkono, ainamishe kifundo tu. Ghafla kijivu kikagawanyika: ini juu, na chini yake vyumba vinne vyeusi vikifunguka na kufumba, na kati yake vijipande vyeupe vyembamba vikipigapiga kama mlango wa turubai kwenye upepo. Maji na damu kwenye ultrasaundi ni vyeusi. Ndiyo maana tunatafuta weusi. Muuguzi aliyelala aligeuza shingo akautazama moyo wake mwenyewe. "Unafanya kazi hivi usiku na mchana," alisema, "na mimi wala sijawahi kuushukuru."

Niliwaeleza kwamba watu wa kwanza kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti walikuwa Inge Edler, daktari, na Hellmuth Hertz, mwanafizikia, mjini Lund, Sweden, mwaka 1953, na kwamba Ian Donald alichapisha picha za tumbo la mzazi kutoka Glasgow mwaka 1958. Mawimbi yanatoka kwenye probu, yanagonga nyama, yanarudi. Mashine inapima yamechukua muda gani, inachora. Hakuna mionzi. Unaweza kurudia hata mara kumi kwa mgonjwa mmoja, na katika shoku ni lazima kurudia, kwa kuwa mgonjwa wa saa nne si mgonjwa wa saa tano.

Siku ya pili, tukiwa katikati ya somo, bodaboda iliingia hadi mlangoni. Msichana alikuwa amekaa kati ya dereva na mumewe, kichwa kimelegea. Alikuwa amezimia mara mbili tangu asubuhi, tumbo linauma, na hakujua kama ni mjamzito. Presha 80 kwa 50. Kiongozi wetu hakugusa mashine. Alimpa probu yule mkunga aliyeuliza swali la maji, akarudi nyuma hatua moja.

Wakati mwenzake anaweka kanula mbili kubwa na kuchukua damu ya kupima kundi, mkunga aliweka probu ubavuni kulia. Ini lilitokea, likafuata figo. Mtu mzima mwenye afya, viungo hivyo viwili vinagusana kama vitabu vilivyobanwa rafuni. Hapa kati yake palikuwa na mstari mweusi, mpana kama kidole. Alishuka juu ya kibofu: weusi tena, nyuma ya kizazi, na ndani ya kizazi hamna kitu. Kipimo cha mkojo kikaonesha ujauzito. "Mimba imetunga nje," alisema. "Tenki. Linavuja." Sauti yake haikutetemeka. Tangu bodaboda izimwe hadi daktari wa zamu apige simu chumba cha upasuaji, saa ya ukutani ilikuwa imesogea dakika sita. Ndugu wawili walijitolea damu. Jioni tulimkuta wodini akiwa amefumba macho, mumewe akimpepea kwa khanga.

Mkunga alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje. Alisema neno moja ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Wa kabla ya huyu tuliwasubirisha wote."

Siku ya tatu ilikuwa ya moyo uliosimama, na ndiyo niliyoiogopa zaidi, kwa sababu hapo mashine inaweza kuua. Maneno hayo ni mazito, nayo ni ya kweli. Tangu mwaka 1960, madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, walipochapisha habari ya kukandamiza kifua, kinachomweka hai mtu ambaye moyo wake umesimama ni mikono: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikishuka sentimita tano au sita, bila kukatiza. Mikono ikiachia, damu inaacha kwenda kwenye ubongo. Ukisimamisha ili kuangalia mapigo, hutakiwi kuzidi sekunde 10. Lakini mwaka 2017 utafiti mdogo wa Marekani ulipima ukaguzi huo kwa saa: bila ultrasaundi ulichukua wastani wa sekunde 13, na wenye ultrasaundi 21. Picha ilikuwa imewavuta macho, na wakati wao wakiitafuta vizuri zaidi, mgonjwa hakuwa na mtu kifuani.

Nasi tulilishuhudia kwa sanamu la mazoezi. Daktari kijana, hodari kuliko wengi darasani, aliweka probu, akakaza macho kwenye kioo, akasogeza, akakaza tena. Muuguzi wetu alikuwa na saa mkononi. Alipoinua uso ilikuwa imefika sekunde 19. Hakumkemea. Alimwambia tu, "Daktari, mgonjwa wako alikuwa peke yake sekunde 19."

Tukaweka utaratibu, nao tukaurudia hadi jasho likatutoka. Probu inawekwa chini ya chembe wakati mikono bado inakandamiza, na kioo kinaelekezwa tayari. Mkandamizaji akisimamishwa, mashine inarekodi, na mtu mmoja anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Wa kuhesabu ni muuguzi, na anayehesabu ndiye mwenye amri chumbani, awepo bingwa au asiwepo. Akifika kumi anasema "Mikono!" na mikono inarudi kifuani, picha iwe nzuri au mbaya. Video inatazamwa baada ya hapo, wakati kifua kinakandamizwa. Inatafutwa sababu inayotibika: maji yanayobana moyo, tenki tupu, upande wa kulia uliovimba kwa donge la damu, hewa inayobana pafu.

Mwisho wa siku tabibu wa Tarime aliuliza lile ambalo wengi walikuwa wakilifikiria. "Na moyo ukionekana umetulia kabisa, ndiyo tuache?" Nilimjibu kwa namba nilizozijua. Utafiti wa hospitali 20 za Marekani na Kanada uliochapishwa 2016 uliwafuatilia wagonjwa 793 ambao mioyo yao ilikuwa imesimama bila mdundo wa kushtuliwa kwa umeme. Moyo uliokuwa bado unajongea kwenye picha ulihusishwa na kupona kuliko jambo lingine lolote lililopimwa. Uliokuwa umetulia, waliotoka hospitali wakiwa hai hawakufika hata mmoja katika 100. Picha hiyo ni ushahidi mmoja. Inakaa pamoja na muda uliopita, chanzo cha tatizo na hali aliyoletwa nayo mgonjwa. Lakini ukitoka nje kumwambia baba kwamba tumefika mwisho, inakusaidia kuwa umeuona moyo wenyewe na hukukisia.

Siku ya nne jeli ilikwisha. Chupa nne kwa watu 16 wanaopimana kutwa nzima hazikufika popote. Mkunga akaenda jikoni, akachemsha maji, akakoroga unga wa muhogo na chumvi kidogo hadi ukawa uji mwepesi unaong'aa, akauacha upoe. Huko Kongo watafiti wamewahi kuulinganisha uji wa namna hii na jeli ya dukani kwa kupima wajawazito, na picha zikawa za kuridhisha. Zetu zilikuwa safi. Kwa ngozi yenye jeraha hatukuutumia, na kila asubuhi ulipikwa mpya, kwa kuwa unachacha.

Siku ya tano, baada ya mtihani, mzee aliniomba niende naye Manchira. Tuliondoka saa kumi. Kwanza alinipeleka bwawani. Ulikuwa mwezi wa saba, na maji yalikuwa yamerudi nyuma yakiacha ukingo wa udongo uliokauka na kupasuka, una alama za kwato. Wavulana wawili walikuwa wakiswaga ng'ombe, na mama mmoja anafua juu ya jiwe. Mzee hakusema lolote juu ya shoku. Alisimama na kofia mkononi, akanionesha maji yalipofika masika na yalipo sasa, na nyumba ya pampu. Nilikuwa nimelichora bwawa lile ubaoni kwa siku tano bila kuliona.

Kisha tukaenda kituoni kwake: chumba cha kujifungulia, kabati la dawa lililopangwa kwa mstari, mtungi mmoja wa oksijeni. Alivuta kiti akanikaribisha, akauliza kwa upole, "Ninyi mkiondoka kesho, mashine nayo inaondoka?"

Tulikuwa tumelijadili hilo usiku uliotangulia. Moja ingebaki hospitali Mugumu. Nyingine ingekaa kwake kwa miezi mitatu, kwa idhini ya wakubwa wake, kwa sharti moja. Nikatoa ile kaunta buku niliyoipakata kutoka Mwanza. Tulikuwa tumeipiga mistari kwa mkono: tarehe, umri wa mgonjwa, swali, nilichoona, kilichobadilika. Chama cha madaktari wa dharura wa Marekani kinataka mtu afanye vipimo 25 hadi 50 vya kila aina, vikikaguliwa, kabla hajaaminiwa kupima peke yake. Siku tano hazimpi mtu hizo. Kwa hiyo kila picha angeituma kwa simu, nasi tungejibu siku hiyohiyo. Na safu ya tatu isingeachwa wazi: asiyejua anauliza nini, asiwashe mashine.

Alipitisha kiganja juu ya jalada. "Hii safu ya mwisho ndiyo ngumu," alisema. "Kilichobadilika. Mtu anaweza kuona sana na asibadilishe kitu."

Tuliagana gizani. Kesho yake tulirudi Mwanza kwa njia ya Butiama, begi likiwa tupu, na safari hii nilikubali liwekwe kwenye buti.

Picha zake zilianza kuja wiki hiyohiyo. Nyingi hazikuonekana vizuri. Tukamwambia abonyeze zaidi, ainamishe, asubiri mgonjwa avute pumzi. Zilianza kunyooka kufikia ya nane. Jumapili moja mwezi wa tisa nilikuwa nyumbani simu ilipolia. Ilikuwa video ya sekunde sita, na chini yake picha ya ukurasa wa daftari. Nilitazama video kwanza: moyo mkubwa, mpana, unaotikisika. Niliujua moyo ule. Kisha nikasoma mstari wa 14, mwandiko wake wa kulala:

*Miaka 24. Wiki ya 5 baada ya kujifungua. Amekuja na dripu kutoka alikotoka. Swali: tenki au pampu? Nilichoona: pampu imechoka. Mshipa mnene, haujikunji. Kilichobadilika: dripu imesimamishwa, ameketishwa, amewekewa oksijeni. Nimepiga 115, gari la dharura la m-mama limempeleka Mugumu. Amefika anaongea.*

Nilimpigia. Nilisema shikamoo, kisha nikashindwa kuendelea kwa muda.

"Marahaba," alisema. "Umeuona mstari wa kumi na nne?"